Mtihani wa ujenzi wa baharini: anza na maji

Ndugu yangu wa Malindi, umesema wewe ni mwashi wa nyumba, unataka kuingia ukandarasi wa magati na kuta za bahari, na umeuliza usome nini kabla ya kukaa mbele ya watahini. Kazi hizi nimezifanya hapa Lamu, nakujibu ninavyozijua.

Makaratasi niyapite haraka. Gredi testi za NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, ndizo shahada ya mkono wako. Kampuni husajiliwa NCA (mamlaka ya taifa ya ujenzi), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na daraja za wakandarasi ni 8. Ufuoni usichimbe kabla ya kibali cha NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira).

Kitakachokutoa jasho ni maji. Huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa zaidi, kupwa huangukia kwenye saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo maana msingi wa gati tunaupangia bamvua: ni mchana, na maji yamerudi mbali. Maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, hayakupi nafasi hiyo.

Ukiulizwa kimo cha maji saa fulani, tofauti ya kupwa na kujaa igawanye kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu. Ya tatu ni 75. Hapo ndipo zege la watu huenda na maji: wanaona bahari inakuja taratibu, wanakoroga jingine.

Kisha chumvi. Wengi hujibu kwamba chuma huoza zaidi kule chini kabisa. Sivyo. Panapooza ni pale panapolowa na kukauka kila siku, kwani chumvi na hewa vyote hupafikia. Kwa hiyo zege la kufunika chuma liwe nene, sentimita 5 hadi 7 na nusu, si zile 2 au 3 ulizozoea. Mchanga wa pwani usiutie, na maji ya kisima yaonje kwanza (visima vyetu wavijua).

Bei na vipimo unavijua tayari. Ongeza tu chombo: Lamu kila mfuko wa simiti hupanda mashua, na wapakuzi hudai chao kabla hujauona.