Kauri wa pesa na kauri mwenye pete: anza na umbo, rangi baadaye

Makosa mengi ya wanaoanza kazi ya kutambua kauri, konokono wa baharini wenye gamba linalong'aa, hutokana na kukimbilia rangi. Kwenye miamba ya pwani yetu wapo wawili wadogo wanaochanganywa kila siku: kauri wa pesa (Monetaria moneta) na kauri mwenye pete (Monetaria annulus). Huyu wa pili ana pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, lakini mchanga ukilisugua gamba pete hufutika, na kauri wa pesa naye mara nyingine huwa na mstari mwembamba wa chungwa. Shika umbo. Wa pesa ana pembe butu na vinundu ubavuni. Wa pete ni kama yai.

Kisha mpindue utazame mdomo, yaani uwazi ulio upande wa chini wa gamba. Aliyekomaa, mdomo wake umejikunja kwa ndani na una meno pande zote mbili. Mtoto ana gamba jembamba na mdomo mpana usio na meno, kwa hiyo wengi humwandika kuwa spishi nyingine kabisa. Akishakomaa harefuki tena, gamba huzidi unene tu. Usikadirie umri kwa urefu.

Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ufike saa moja kabla maji hayajapwa kabisa. Inua jiwe taratibu na ulirudishe lilivyokuwa, maana jike hukaa juu ya mayai yake na jua likiyapiga yanakufa. Huyo usimbandue. Mguse mwingine: ngozi laini iliyofunika gamba itajirudisha ndani polepole kutoka pande zote mbili, mgongo ubaki uking'aa kama uliopakwa mafuta. Ngozi hiyo ndiyo inayotunza mng'aro. Mpime kwa kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo, umrudishe alipokuwa. Konokono mwenye umbo la koni usimshike kamwe. Sumu yake inaweza kuua mtu.

Kwa mkusanyo chukua magamba matupu, ukichungulia kwanza kama kaa hajahamia ndani. Osha kwa maji baridi, sabuni na mswaki laini, kausha kivulini. Siki na ndimu hula chokaa, na mng'aro ukishatoka haurudi. Sampuli yenye nyama iweke kwenye spiriti ya asilimia 70. Formalini, dawa nyingine ya kuhifadhia sampuli, ikikaa hugeuka asidi na kulila gamba.

Lebo iandikwe palepale ufukoni: mahali, tarehe, aina ya makazi, na kama alikuwa hai. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipeleka shehena za kauri wenye pete kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi zitumike kama fedha, kwa hiyo gamba lililookotwa Benin halithibitishi kwamba konokono huyo aliishi huko.