Re: Kitufe cha Sawa kikae kulia au kushoto?
Mkuu umeuliza kitufe cha Sawa kwenye programu yako ya kompyuta kikae upande gani. Inategemea unamtengenezea nani, kwenye Windows Sawa inatangulia kushoto alafu Ghairi, Mac na GNOME (muonekano wa dirisha unaotumika kwenye Linux) cha kukubali kinakaa kulia, na mtu akishazoea hasomi tena, mkono unaenda wenyewe, sasa wewe ukigeuza dirisha moja tu kati ya yote ndo hapo mtu anafuta faili akidhani kaghairi. Shotikati (njia za mkato za kibodi) nazo usizibuni upya, Ctrl+S ibaki kuhifadhi (Mac ni Cmd+S). Ila hilo neno Sawa lenyewe mi silipendi, andika Futa au Hifadhi, kitufe kiseme kinachofanya. Rangi utahangaika nazo baadae.