Rangi ya bodi ya gari la rimoti inabanduka: usitafute rangi ngumu zaidi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la rimoti la mashindano, la kipimo cha 1/10. Nilinunua bodi ile ya plastiki angavu, nikampelekea fundi rangi wa magari. Aliipiga msasa, akapuliza praima, akaweka bluu na mstari wa njano, akamalizia na klia, ile rangi angavu ya kung'arisha inayopigwa mwisho. Ilipendeza kweli. Siku ya kwanza tu kulikimbiza, rangi ikatoka maganda maganda kwenye kona, na kuzunguka matundu ya kufungia bodi kuna nyufa ndogondogo. Nitumie rangi ya kampuni gani iliyo ngumu zaidi? Na klia nipige mikono mingapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Klia usipige hata mkono mmoja, na hiyo rangi ngumu ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo.

Kila anayeniletea bodi iliyobanduka ananiuliza hivyo hivyo: ipi ngumu zaidi? Shika bodi yako kwa vidole viwili uibonyeze. Si inaingia ndani kisha inarudi? Bodi nyingi za kipimo hicho zina unene wa milimita 1 au pungufu, na zimetengenezwa makusudi zipinde zikigonga ukingo. Rangi ya gari kubwa imeundwa ikae juu ya bati ambalo halitarajiwi kupinda namna hiyo. Ikikauka ni ganda la yai. Sasa plastiki imepinda, ganda halijui kupinda, unategemea nini? Ukiongeza klia juu yake umeongeza unene wa ganda, basi.

Rangi ya bodi hizi hukaa ndani. Ndiyo maana zinauzwa zikiwa angavu. Plastiki yenyewe ndiyo klia yako: ukigonga, kinachokwaruzika ni plastiki, rangi iko salama upande wa pili. Halafu bodi nyingi huja na nailoni nyembamba sana iliyobandikwa nje, kazi yake kuzuia vumbi la rangi lisiushike upande wa nje wakati unapuliza ndani. Nadhani fundi wako aliibandua akidhani ni ya kufungashia, ndipo akapata pa kupitisha msasa. Mikwaruzo hiyo haitoki tena.

Kupuliza kwa ndani ni sawa na kuandika jina la duka nyuma ya kioo: kinachotangulia ndicho mteja anachokiona. Kwa hiyo ule mpangilio aliouzoea fundi wa gereji unageuka wote. Kwa rangi zako, ziba madirisha na sehemu ya mstari kwa tepu ya karatasi, kandamiza kingo zake kwa ukucha, puliza bluu kwanza, ikauke. Bandua tepu ya mstari, puliza njano, na nyuma ya njano weka nyeupe. Ukitanguliza njano kisha bluu ikaja nyuma yake, mstari wako utakuwa kijani cha embe bichi, na utanilaumu mimi. Mikono iwe myembamba, mitatu au minne, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Ukimwaga mingi kwa pupa, rangi inatuama kwenye mabonde ya bodi na kimiminika chake kinabaki kinaila plastiki.

Hapo ndipo tunafika kwenye nyufa zako, na hapa sina subira. Bodi ni polikaboneti, wengi wanaiita Lexan, ambalo ni jina la biashara tu. Plastiki hii inastahimili kugongwa kuliko nyingi uzijuazo, lakini thina inaimaliza. Asetoni na thina ya rangi za magari zinaingia ndani yake, na pale ilipokazwa au ilipotobolewa, inafanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Matundu ya kufungia bodi ndipo mahali pa kwanza. Hakuna gundi ya kuurudisha uzima wake. Bodi hiyo imekwisha, mdogo wangu. Usiitupe lakini, nitakwambia kazi yake.

Rangi tafuta iliyoandikwa wazi kuwa ni ya polikaboneti. Maneno "ya plastiki" hayatoshi. Kampuni ya Tamiya, kwa mfano, wana makopo ya PS na ya TS, yanakaribiana sura. PS ni ya bodi kama yako. TS ni ya plastiki ngumu ya modeli za kuunganisha, na ukiipuliza kwenye bodi itabanduka. Muuzaji atakwambia "zote Tamiya, bosi." Yeye anauza makopo. Na anayekupimia rangi kwenye chupa ya maji isiyo na maandishi mpite kimya kimya.

Ukishapata rangi, kata kipande cha bodi iliyokufa, upande ambao fundi hakuugusa. Kioshe, puliza, kilaze usiku kucha. Asubuhi kikunje mara mbili, kisha bandika tepu juu ya rangi uing'oe kwa nguvu. Rangi ikifuata tepu, usiiguse bodi mpya.

Mimi ya bodi za kuchezea nayavumilia, hasara yake ni fedha tu. Ninachokiogopa ni mafundi hao hao kupuliza helmeti za bodaboda. Zipo helmeti ambazo ganda lake ni polikaboneti hii hii, na watengenezaji huonya kwa maandishi, mara nyingi kwenye karatasi ya ndani, kwamba usipake rangi wala kusafisha kwa petroli au thina. Nani anaisoma? Kijana anataka helmeti yenye rangi za timu yake, fundi anaifuta kwa thina ili rangi ishike, anapuliza, inang'aa. Nyufa zikifanyika ziko chini ya rangi, huzioni. Bodi yako ilionyesha udhaifu wake ilipogonga ukingo. Helmeti nayo itasubiri igonge lami, na ndani yake kuna kichwa cha mtu. Ukirudi kwa fundi wako kudai fedha zako, tazama ukutani kama ana helmeti zinazokauka, umwonyeshe bodi yako pale kwenye matundu.