Mizigo kuibiwa mlangoni huku Marekani

Pole dada, boksi kubebwa mlangoni na wewe uko kazini inauma kwakweli. Kamera ya kengele ya mlango haizuii kitu bana, utabaki na video ya jamaa kavaa sweta la kofia anaondoka na viatu vya mwanao. We ukinunua Amazon, lile duka la mtandaoni, pale kwenye anwani chagua Locker, yale makabati yao ya madukani na kwenye sheli, wanakutumia namba kwenye simu unaenda kufungua mwenyewe ila usilaze damu maana siku 3 zikipita mzigo unarudishwa. Mzigo ukiletwa na FedEx, wale wasafirisha mizigo, waambie wauache Walgreens, yale maduka ya dawa, na wenzao UPS nao wana Access Point, yaani vituo vya kuchukulia mzigo, nenda na kitambulisho. Na huo ulioibiwa mbane muuzaji kwanza, wengi wanarudisha hela.