PD-L1 ya mama ni asilimia 70: kwa nini tusubiri majibu ya jeni?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mama yangu ana miaka 58 na hajawahi kuvuta sigara. Biopsi imeonyesha adenokasinoma, aina ya saratani, kwenye pafu la kulia. Imefika kwenye mifupa ya mgongo, na kuna maji yanayozunguka pafu. PD-L1 imesoma asilimia 70. Daktari wake anasema tusubiri majibu ya jeni, ambayo yanaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu. Hospitali nyingine inasema kwa PD-L1 hiyo tunaweza kuanza dripu ya imunotherapi kesho kutwa, tusipoteze muda. Kaka yangu naye ameleta unga wa kuongeza kinga ili mama asikae bila dawa. Je, tukisubiri saratani haitaenea? Na huu unga una madhara?

JIBU: Mpe mama pole. Daktari wake yuko sahihi, na sababu zake ni nzito kuliko mlivyoelezwa. Mtu mwenye adenokasinoma ambaye hajawahi kuvuta sigara ndiye hasa tunayemtarajia kukutwa na badiliko la jeni ya EGFR au ALK. Mama akiwa nalo, dripu mnayoahidiwa kesho kutwa huenda isimsaidie kitu, na inaweza kuigeuza kuwa ya hatari dawa ambayo ingemsaidia.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni kuisoma PD-L1 kama alama za mtihani: ikiwa juu, mgonjwa amefaulu, aanze imunotherapi. Sivyo. PD-L1 ni protini inayokaa juu ya seli, na seli ya saratani huitumia kuzituliza seli T za kinga zisiishambulie. Dawa ya imunotherapi kama pembrolizumab hukata mawasiliano hayo. Ili ifanye kazi, lazima ndani ya uvimbe kuwe na seli T zilizokwisha kuitambua saratani. Kwa mtu aliyevuta sigara miaka mingi, DNA ya uvimbe huwa imeharibika mahali pengi, seli T zinapata mengi ya kutambua, na PD-L1 hupanda kwa sababu mapambano yameshaanza. Uvimbe unaoendeshwa na EGFR una mambo mengine: ishara ya EGFR yenyewe inaweza kuipandisha PD-L1 wakati seli T humo ndani ni chache. Karatasi mbili zinaweza kuandikwa 70 zote mbili, na wagonjwa wake wakahitaji tiba mbili tofauti kabisa.

Jambo hili limejaribiwa kwa wagonjwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya kuwapa pembrolizumab wagonjwa wenye badiliko la EGFR ambao hawakuwa wametumia dawa za EGFR na ambao PD-L1 yao ilionekana. Asilimia 73 walikuwa na PD-L1 ya 50 au zaidi, kama mama. Walipanga kuingiza wagonjwa 25, wakasimamisha baada ya 11 kwa sababu dawa haikuonyesha kazi. Uvimbe ulipungua kwa mmoja tu, na sampuli yake ilipopimwa upya ikabainika kuwa majibu ya awali yalikosewa: hakuwa na badiliko la EGFR. Wawili walifariki ndani ya miezi 6, mmoja wao kwa nimonaitisi, yaani mapafu kuvimba kwa sababu ya dawa. Mwaka uliofuata, kumbukumbu za wagonjwa waliopewa imunotherapi peke yake zilipokusanywa kutoka nchi mbalimbali, uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 26 ya wenye badiliko la jeni nyingine, KRAS, na asilimia 12 ya wenye EGFR. Kwa wenye ALK haikuwa hata mmoja.

Utafiti unaotumiwa kuwashawishi watu kama nyinyi ni KEYNOTE-024 wa mwaka 2016. Ni utafiti mzuri. Kwa wenye PD-L1 ya asilimia 50 au zaidi, walioanza na pembrolizumab walikuwa hai baada ya miaka 5 kwa asilimia 31.9, dhidi ya 16.3 kwa walioanza na kemotherapi. Lakini wenye EGFR na ALK hawakuruhusiwa kuingia. Hospitali inayoutaja bila kutaja sharti hilo imewasomea nusu ya ukurasa.

Sasa hatari yenyewe. Tuseme mama anapata dripu kesho kutwa, na baada ya wiki tatu majibu yanaonyesha EGFR. Dawa yake itakuwa kidonge cha osimertinib, miligramu 80 mara moja kwa siku. Imunotherapi haitoki mwilini upesi: pembrolizumab huchukua takriban siku 22 kupungua hadi nusu, kisha siku nyingine kama hizo kupungua nusu ya kilichobaki, na athari yake kwenye seli T hudumu zaidi ya hapo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, kati ya wagonjwa 41 waliopata imunotherapi kwanza kisha osimertinib, 6 walipata madhara makali ya kinga, mengi yakiwa ya mapafu. Kati ya 21 walioanza osimertinib ndani ya miezi 3 tangu dripu ya mwisho, waliopata madhara hayo ni 5. Kwa 29 waliotumia osimertinib kwanza na imunotherapi baadaye, hakupatikana hata mmoja. Dawa ni zilezile, kilichobadilika ni mpangilio. Kwa mtu ambaye pafu moja limeshabanwa na maji, nimonaitisi kali inaweza kumuua kabla ya saratani. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia "tuanze tu, tutarekebisha majibu yakitoka". Dripu ikishaingia hairudishwi.

Kuhusu kusubiri: saratani inakua, ni kweli. Ila imekua kwa miezi mingi kabla ya kugunduliwa, na wiki mbili zinazotumika kuchagua dawa sahihi humrudishia mgonjwa muda mrefu kuliko zilivyochukua. Mwenye badiliko la EGFR la aina zinazotokea sana aliyeanza na osimertinib katika utafiti wa FLAURA aliishi wastani wa kati wa miezi 38.6, dhidi ya 31.8 kwa dawa za EGFR za kizazi cha kwanza. Osimertinib ikichanganywa na kemotherapi, FLAURA2 imeonyesha miezi 47.5 dhidi ya 37.6 ya osimertinib peke yake. Kwa ALK, utafiti wa CROWN ulionyesha kwamba asilimia 60 ya waliotumia lorlatinib hawakuwa wameona ugonjwa ukisonga mbele baada ya miaka 5, dhidi ya asilimia 8 kwa crizotinib, dawa ya ALK ya awali. Haya ndiyo mnayoyaweka rehani kwa ajili ya kesho kutwa.

Na kusubiri si kukaa bure. Maji ya kwenye pafu yatolewe sasa, apumue vizuri, na yasimwagwe: mililita 50 hadi 100 zipelekwe patholojia, seli zake zikusanywe kuwa bonge na kukatwa kama tishu. Mara nyingi hapo ndipo jeni hupatikana biopsi ikiwa ndogo. Apigwe MRI ya ubongo, kwa kuwa saratani za EGFR na ALK hupenda kwenda huko bila dalili. Maumivu ya mfupa yanaweza kutibiwa kwa mionzi ya siku moja, dozi ya Gy 8 (Gy ni kipimo cha mionzi), bila kuharibu mpango wowote. Miguu ikilegea, akishindwa kuzuia mkojo, uso ukivimba au akikosa pumzi akiwa amekaa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Hapo hakuna anayesubiri jeni.

Ikiwa ugonjwa unakimbia kiasi cha kutoweza kungoja, njia salama ipo: mzunguko wa kwanza uwe kemotherapi ya carboplatin na pemetrexed, bila imunotherapi. Majibu yakitoka bila badiliko la jeni lenye dawa, imunotherapi inaongezwa mzunguko wa pili. Kama pemetrexed imo kwenye mpango, aanze asidi ya foliki maikrogramu 400 hadi 1,000 kila siku kuanzia siku 7 kabla, na achomwe vitamini B12 maikrogramu 1,000 wiki moja kabla, irudiwe kila baada ya wiki 9. Deksamethasoni miligramu 4 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya dripu hadi siku moja baada yake, hupunguza vipele. Anayeruka foliki na B12 ndiye anayeishia na vidonda vya mdomo na chembe za damu zilizoshuka vibaya.

Majibu yakifika, msome neno kwa neno. "Sampuli haikutosha" si "hakuna badiliko". Nimeona familia zikiambiwa jeni ni hasi wakati maabara iliandika kwamba haikuweza kupima. Hutokea biopsi ikiwa na seli chache za saratani (vipimo vingi vya kusoma jeni nyingi kwa pamoja vinataka ziwe kama asilimia 20 ya seli zilizopo), au ikiwa imekaa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, au kipande cha mfupa kilipolainishwa kwa asidi kali, ambayo huvunja DNA. Hutokea pia jeni zikipimwa moja leo, nyingine wiki ijayo, hadi tishu inaisha. Dai jeni zote zipimwe kwa pamoja. Tishu ikikosekana, damu inaweza kupimwa DNA ya saratani: ikionyesha EGFR, iaminiwe, isipoonyesha kitu, bado hujajua, kwa sababu uvimbe mwingi haumwagi DNA ya kutosha kwenye damu. Na "EGFR chanya" peke yake haitoshi. Uliza ni badiliko lipi. Upungufu kwenye eksoni (sehemu ya jeni) ya 19 na badiliko liitwalo L858R hujibu vizuri osimertinib. Nyongeza kwenye eksoni ya 20 kwa kawaida haijibu, ina dawa zake.

Ikiwa EGFR, ALK na jeni nyingine zenye dawa hazipo kweli, basi PD-L1 ya 70 inarudi na uzito wake wote, na pembrolizumab ni chaguo halali. Hakuna anayeipinga imunotherapi hapa.

Jambo moja ambalo husahaulika: kama mama aliwahi kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa sababu ya kikohozi na picha ya kifua, mwambieni daktari kabla ya kidonge chochote. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini kuivunja osimertinib haraka mno, kiasi cha dawa mwilini kikashuka kwa asilimia 78. Mgonjwa anameza kila siku, uvimbe unakua, na watu wanasema dawa haifai.

Ndiyo tunafika kwenye unga wa kaka. Nia yake ni njema, lakini mama asipewe. Kwanza hamjui kilichomo. Pili, dawa za saratani hupita kwenye ini. Unga na kidonge vikianza wiki ileile, kisha vimeng'enya vya ini vikapanda, daktari hawezi kujua mkosaji ni yupi, na kinachosimamishwa kwanza mara nyingi ni kidonge chenye kazi. Tatu, "asili" na "kinga" si uthibitisho wa usalama. Betakarotini, kiini cha rangi ya karoti, iliaminiwa kulinda mapafu. Wavutaji sigara wa kiume 29,133 nchini Finland walipofuatiliwa, waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Utafiti wa CARET nchini Marekani, uliochanganya betakarotini na vitamini A, ulisimamishwa mwaka 1996 baada ya kuona ongezeko la asilimia 28. Hicho ni kitu safi, kilichopimwa, chenye dozi inayojulikana. Sembuse unga wa kwenye mfuko usio na jina.

Wauzaji wa leo wamehamia kwenye dawa za minyoo za wanyama. Fenbendazole inasifiwa mitandaoni kuwa imeponya mapafu. Mwaka 2021 madaktari wa Japani waliripoti mgonjwa wa miaka 80 mwenye saratani ya mapafu, akiwa kwenye pembrolizumab, aliyeinywa kwa kufuata mitandao: ini likaumia, uvimbe haukupungua, na ini likapata nafuu alipoiacha. Kwa picha kubwa zaidi, uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Yale uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu ambayo haikuwa imesambaa, waliochagua tiba mbadala badala ya tiba ya hospitali, walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Hao walikuwa na ugonjwa ambao bado ungeweza kuponywa.

Anayeuza tiba ya mapafu bila kuomba ripoti ya patholojia hajui anatibu nini. Kivuli kilekile kwenye eksirei kinaweza kuwa adenokasinoma, saratani ya seli ndogo, kifua kikuu au makovu ya mapafu, na dawa ya kimoja inaweza kumuua mwenye kingine. Hospitali inayotaka kutundika dripu bila ripoti ya jeni inafanya kosa la jamii hiyohiyo, ingawa ina mashine na makoti meupe. Waombeni waandike, kwa sahihi, kwamba EGFR na ALK hazijapimwa na wanaanza hivyo hivyo.

Mama akiwa ameshaonja unga huo, msimfiche daktari. Mpelekee mfuko wenyewe, mwambieni ni vijiko vingapi kwa siku na tangu tarehe gani, kisha ini na figo vipimwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa yoyote.