Beji za babu: zisome kwanza kabla ya kuzing'arisha

Ndugu uliyeuliza kama zile beji alizoziacha babu yako kwenye kopo uzisugue kwa Brasso kisha uziuze, au uanze nazo mkusanyiko, ushauri wangu ni kwamba Brasso iweke mbali kabisa, na habari ya kuuza isubiri mpaka ujue ulichonacho. Nimekusanya beji kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, nyingi kutoka kwa wastaafu wa bandari na reli, na chache nimezinusuru kwa wanunuzi wa skrepa waliotaka kuzipima kilo pamoja na mabomba ya shaba.

Beji hujitaja umri wake hata kama haikuandikwa mwaka. Chukua ile uliyosema ina herufi EAR&H. Hilo ni Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli na bandari za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Mwaka 1969 lilitenganishwa, la reli likawa na makao makuu Nairobi na la bandari likawa na makao yake hapa Dar es Salaam, na yote mawili yalikufa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Babu yako, basi, alipewa beji iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika lililodumu miaka 21 tu.

Kwa beji za serikali ya kikoloni, ambazo nyingi zina kichwa cha twiga, alama ya Tanganyika ya wakati huo, tazama taji. Likiwa na matao yaliyoviringana juu ni la enzi ya mfalme. Yakibonyea katikati, ni la baada ya Elizabeth kushika kiti mwaka 1952. Jina la nchi nalo husaidia, kwa kuwa neno Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, miezi kadhaa baada ya Muungano. Beji ya TANU au ya ASP kwa kawaida ni ya kabla ya tarehe 5 Februari 1977, vyama hivyo vilipoungana kuwa CCM, ingawa zimetengenezwa pia za kumbukumbu baadaye. Enameli ya kweli, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa kwa moto, haichuniki kwa ncha ya sindano, rangi ya kisasa huchunika.

Wengi hukimbilia beji za chama. Mimi naziheshimu, lakini mkusanyaji akiniuliza nitamwelekeza kwenye beji za kazi, kwa sababu zile za chama zilitolewa kwa wingi bila kumtambulisha mvaaji, ilhali ya kazi mara nyingi ina namba, na namba ile ilikuwa ya mtu mmoja. Ninayo moja ya kuli wa bandarini, ya shaba, yenye umbo la yai, namba imegongwa kwa mkono na tarakimu ya mwisho imeinama, na ukingo wa juu umelika upande mmoja. Mzee aliyenipa alinieleza kuwa beji zote zililala getini, na aliyefika alfajiri akakuta namba yake haikutundikwa ubaoni alijua siku hiyo hana kibarua. Maelezo hayo nimeyaandika kwenye karatasi inayokaa pamoja na beji, na bila karatasi hiyo nisingeipa nafasi mezani.

Ndiyo maana nakataza kusugua: unapoondoa weusi unaondoa pia mikwaruzo, alama iliyogongwa na fundi na jina la mtengenezaji lililo mgongoni, ambalo mara nyingi ni hafifu. Futa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Chumvi ya hewa ya pwani yetu ni adui mkubwa, kwa hiyo zitoe kwenye kopo, zifunge moja moja kwa kitambaa cha pamba, na uweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mifuko ya plastiki laini usiitumie, hutoa kemikali inayoleta kutu ya kijani.

Kuhusu bei, usikubali ya mtu wa kwanza. Kabla ya yote kaa na bibi au shangazi yako, umuulize babu alifanya kazi idara gani na lini, uandike. Kisha geuza ile ya EAR&H, upige picha ya mgongo wake kwenye mwanga wa jua la asubuhi, tuone kama kuna namba.