Kigogo cha bibi na Katiba ya Luxemburg

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni Mgogo wa Nkuhungu hapa Dodoma, mke wangu Mhaya, nyumbani ni Kiswahili tu. Juzi tulikuwa Mvumi kwa mama, akamwambia mwanangu kwa Kigogo amletee kata ya maji, mtoto kaganda ananiangalia mimi nimwambie bibi kasema nini, mama akacheka ila najua kilimuuma. Sasa shemeji yangu yuko Luxemburg huko Ulaya anasema kanchi kale kadogo lugha yao ya nyumbani iko mpaka kwenye katiba. Mbona Kigogo hakina hata kipindi shuleni, serikali inangoja nini?
Baba wawili, Nkuhungu

JIBU: Marahaba kaka. Shemeji hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Kweli katiba yao iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika Julai 2023 inasema lugha ya nchi ni Kiluxemburg, na ukitaka uraia unapimwa kukiongea. Lakini sheria zenyewe zinaandikwa Kifaransa! Na mtoto wao kwa kawaida anajifunza kusoma kwa Kijerumani, akipanda sekondari, hasa ile ya kitaaluma, masomo mengi yanahamia Kifaransa polepole, yani kama wa kwetu tu anayetoka Kiswahili cha msingi akakutana na Kingereza fomu wani. Halafu karibu nusu ya wakazi ni wageni, Wareno wamejaa, hivyo dukani utasikia Kifaransa zaidi.

Sasa angalia tarehe. Sheria ya kukiita Kiluxemburg lugha ya taifa imekuja 1984 tu. Ila Oktoba 1941, Wajerumani wa Hitler wameikalia nchi, wakaleta sensa inayouliza uraia wako, lugha yako, asili yako, wakitegemea watu wajiandike Wajerumani, na watu wakapashana habari chini chini kwamba kote kutatu jaza Luxemburg, majibu ya mwanzo yalivyoonekana sensa ikafutwa. Miaka zaidi ya 40 kabla ya hiyo sheria, kaka, na hicho Kiluxemburg walikuwa wanakiongea jikoni kwao.

Kwetu sensa haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na mimi siilaumu serikali kwa hilo wala kwa Kigogo kukosa kipindi, nchi ina lugha zaidi ya 120, ungeanza na ipi? Bila Kiswahili wewe na huyo Mhaya wako mngetongozana kwa lugha gani? Gharama yake ipo, mama yako ndo anailipa.

Kwa hiyo usingoje kipindi cha shule. Watoto wakifunga Juni wapeleke Mvumi wakae, wabaki na bibi, wewe rudi mjini, maana ukiwepo watakutegemea wewe. Ukimpigia mama simu weka spika na usikimbilie Kiswahili hata kama wanakucheka. Na mama yao naye aongee nao Kihaya, watachanganya mwanzoni, hawatakufa.

Ila huyo shemeji naye, hebu muulize wanawe huko wanaongea Kihaya?